Fizio Akikosea, Nani Analipa? Historia Fupi ya Bima Ambayo Hatuiongelei

Wasee, kila mtu Nairobi anaijua stika ya bima kwenye kioo cha gari. Askari wa trafiki akisimamisha matatu, macho yake huenda hapo mapema sana. Lakini hebu jiulize, hiyo stika ni ya nani? Madereva wengi hudhani ni yao. Kumbe sheria yenyewe, Sura ya 405, haikumlenga dereva. Ilimlenga yule mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni. Akigongwa, pesa ya kumfidia itoke mahali, hata kama dereva hana kitu mfukoni.

Shika hapo. Leo naongelea watu ambao hawashiki usukani, wanashika shingo, mgongo na magoti yetu. Mafizio. Hasa wale waliotoka hospitalini wakafungua kliniki yao mtaani, ama wale wanaokuja mpaka nyumbani kumfanyisha shosho mazoezi baada ya kiharusi. Wanafanya kazi kubwa. Lakini wao pia ni binadamu. Pakiti ya moto ikiachwa kwa mguu wa mgonjwa wa kisukari asiyehisi joto, inachoma. Shingo ikigeuzwa vibaya, inaumia. Maumivu ya mgongo yakichukuliwa ni ya kawaida kumbe neva zinabanwa, mtu anaweza kupooza. Hapo nani analipa?

Uingereza ilichukua zaidi ya miaka 100 kulijibu swali hilo, na kuna kitu tunaweza kujifunza kutoka safari yao.

Tuanze na madaktari. Mwaka 1884 daktari mmoja Muingereza, David Bradley, alishtakiwa kwamba alimshambulia mgonjwa wa kike kwenye chumba chake cha matibabu. Akahukumiwa kifungo. Alikaa ndani kama miezi 8 kabla ya kuachiliwa, wenzake wakisema mchana na usiku kwamba ameonewa. Kisa hicho kiliwashtua madaktari wote. Mwaka 1885 wakaanzisha Medical Defence Union. Mfumo wake hata nyanyako angeuelewa, kwa sababu ni chama kama vile vyetu: kila mtu anatoa mchango wake, na siku mmoja akipatwa na kesi, kikapu cha wote kinamsimamia.

Angalia vizuri, hapo mwanzo lengo lilikuwa kumlinda daktari. Mgonjwa hakuwa kwenye hesabu.

Miaka 9 baadaye, 1894, likatokea jambo lingine. London ilikuwa na nyumba nyingi zilizojiita za masaji na huku zinauza vitu vingine kabisa. Jarida la madaktari, British Medical Journal, likaandika kuzihusu, na ghafla kila mwanamke aliyekanda wagonjwa kwa halali akaanza kuangaliwa vibaya. Wauguzi wanne, Rosalind Paget, Lucy Robinson, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakakataa jina lao lichafuliwe. Wakaunda chama, Society of Trained Masseuses. Ndicho hicho kilichopata hati ya kifalme mwaka 1920, na kufikia 1944 kikawa Chartered Society of Physiotherapy.

Masharti yao yalikuwa makali. Usimtibu mtu bila maelekezo ya daktari. Usijitangaze kwenye magazeti ya watu wa kawaida. Usimkande mwanamume, isipokuwa kwa sababu maalum na daktari ameagiza. Leo tunaweza kucheka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa bima yao ya kwanza. Haikuwa ya pesa, ilikuwa ya jina safi. Na ndani ya lile sharti la kwanza kulikuwa na mapatano ambayo hayakutajwa sana: daktari ndiye anayeamua, kwa hivyo mzigo mkubwa wa lawama ni wake.

Mambo yakaenda hivyo kwa miongo mingi. Vita viwili vya dunia na polio vikawapa mafizio kazi nyingi na heshima. Wakajua mengi kuliko karatasi ya daktari iliyosema tu "mfanyie masaji". Halafu mwaka 1977 serikali ya Uingereza ikakubali kwamba fizio anaweza kuamua mwenyewe aina ya matibabu. Uhuru ukapatikana.

Hapa ndipo stori inapogeuka. Ukipata uhuru wa kuamua, unapata pia uhuru wa kushtakiwa. Huwezi kusema "daktari aliniambia" wakati hakuna daktari aliyekuambia chochote.

Na korti ilikuwa tayari na kipimo chake. Mwaka 1957, kwenye kesi ya Bolam, mgonjwa alivunjika mifupa ya nyonga akipewa matibabu ya umeme hospitalini bila dawa ya kulegeza misuli. Alishtaki, akashindwa. Kanuni iliyobaki ni hii: mtaalamu si mzembe kama alifanya kile ambacho kundi la wataalamu wenzake wenye busara wangekikubali. Kanuni hiyo ilisafiri mpaka kwetu. Majaji wa Kenya wameitaja tena na tena kwenye kesi za uzembe wa matibabu. Kwa hivyo ukiwa fizio, kuumia kwa mgonjwa peke yake hakukuhukumu. Swali ni ulifanya nini, na je, rekodi zako zinaonyesha hivyo? Lakini hata ukiwa msafi, wakili hakutetei bure.

Sasa tofauti ya aliyeajiriwa na aliyejitegemea. Ukiajiriwa, ukikosea kazini, mwajiri wako anaweza kubebeshwa kosa lako, na kwa kawaida ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Siku unajitoa na kufungua yako, wewe ndio fizio, wewe ndio hospitali, wewe ndio mwajiri. Mteja akiteleza kwenye sakafu yako kabla hata hujamgusa, hiyo nayo ni yako. Ndio maana kuna bima ya makosa ya kikazi, na kuna nyingine ya ajali za mtu kuumia kwenye jengo lako. Usidhani moja inafanya kazi ya zote mbili.

Uingereza, chama cha mafizio kiliiweka bima hiyo ndani ya uanachama. Unalipa ada ya chama, unapata ulinzi. Ni kile kikapu cha 1885 tena. Lakini kulibaki pengo: ambaye hakujiunga na hakukata bima angeweza bado kutibu watu, na mgonjwa wake akiumia anashinda kesi halafu hapati hata shilingi. Mwaka 2010 ripoti ya Finlay Scott ikapendekeza bima iwe sharti la usajili. Julai 2014 ikawa sheria kwa wataalamu wa afya waliosajiliwa: huna bima, huruhusiwi kutibu. Ilichukua miaka 129 tangu 1885 kwa bima kutoka kuwa ngao ya mtaalamu hadi kuwa haki ya mgonjwa.

Usidhani kila mtu alisherehekea. Wakunga wa kujitegemea waliumia sana. Kesi ya mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa inaweza kugharimu mamilioni ya pauni, kwa hivyo kampuni za bima hazikuwataka. Wakatafuta mpango wao wenyewe, lakini mdhibiti wao akaukataa akisema hautoshi, na kufikia mwanzo wa 2017 wengi hawakuweza tena kuwazalisha wateja wao. Sheria ilikuwa na nia nzuri, ila kikapu chao kilikuwa kidogo.

Mwaka huo huo wa 2014 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Wanafiziotherapia, ikaunda baraza la kuwasajili na kuwapa leseni. Yaani Kenya iliipa taaluma hii sheria yake mwaka ule ule ambao Uingereza ilikuwa inafunga pengo la bima. Mimi naona tukiongea kuhusu hadhi ya fizio, tuongee pia kuhusu mgonjwa wake. Leseni inasema mtu huyu amesoma. Bima inasema hata mtu aliyesoma anaweza kukosea, na akikosea hutaachwa peke yako. Na tusimwachie kijana aliyemaliza chuo jana atafute bima peke yake kwa bei ya peke yake. Wachange pamoja, kama wale wakongwe. Yaliyowapata wakunga yanaonyesha kwamba kulazimisha bima bila kuifanya iwe ya bei nafuu kunafukuza wataalamu.

Kama wewe ni mwanafunzi wa fiziotherapia unayeota kliniki yako, iweke bima kwenye bajeti kabla ya kununua kitanda. Soma mkataba. Bima nyingi za kitaaluma hulipa kama ingali hai siku malalamiko yanaletwa, si siku ulipomtibu mtu. Na Kenya kesi ya uzembe kwa kawaida inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Ukifunga kliniki leo na kuacha kulipa, kesi ya mwaka ujao inaweza kukukuta uchi.

Na kama wewe ni mgonjwa, ama unamtafutia mzazi wako fizio wa kuja nyumbani, uliza maswali mawili kabla ya bei: umesajiliwa? Una bima? Si kukosa adabu. Makanga hakasiriki askari akiangalia stika, na fizio anayejua kazi yake hatakasirika ukimuuliza.