Kufa kwa Seli na Majina Yake: Mrija, Mshipa au Trakea?

Istilahi ikishazoeleka huishi hata baada ya dhana iliyoizaa kukanushwa. Marcello Malpighi, tabibu wa Bologna, ambaye kitabu chake juu ya anatomia ya mimea kilichapishwa London kati ya 1675 na 1679, aliona ndani ya mti mirija yenye nyuzi za mzunguko. Kwa kuwa ilifanana na mirija ya kupumulia ya wadudu, aliiita trakea, akidhani kuwa hupitisha hewa. Baadaye ilithibitika kwamba hupitisha maji, lakini jina likabaki. Mwaka 1858 Carl Nägeli aliunda neno zailemu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti uliokatwa.

Ajabu ya mirija hiyo ni kwamba hufanya kazi ikiwa imekufa. Mwaka 1980 Hiroo Fukuda na Atsushi Komamine wa Japani walieleza jinsi seli za jani la ua liitwalo zinia zinavyogeuka kuwa seli za mirija katika chupa ya maabara. Hivyo hatua zake zikaweza kufuatwa. Kwanza seli hujenga ukuta wa pili na kuuimarisha kwa lignini. Kisha vakuoli hupasuka, vimeng'enya humwagika, na kiini humeng'enywa. Mwishowe hubaki kuta tupu, na maji hupita.

Mfasiri afanyeje? Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo cha namna fulani cha seli za wanyama apoptosisi, neno la Kigiriki lihusulo kuanguka kwa majani. Kiswahili kina kupukutika, nalo lingefaa sana huko, ambako seli humegeka vipande na kumezwa na jirani zake. Lakini seli ya mrija haipukutiki: hubaki mahali pake na kutumika. Kwa hiyo yafaa kifo cha seli kilichopangwa kiwe jina la jumla, na upukutikaji uwe jina la aina moja tu.

Vilevile mrija ni bora kuliko mshipa, ambao msomaji huufikiria kuwa hai, na kuliko trakea, inayorudisha dhana ya hewa. Mwalimu atakayechagua vyema atakuwa amemwepusha mwanafunzi na kosa la karne tatu.