Damu ya Kampala na seli inayopinda

Katikati ya karne iliyopita, serikali ya kikoloni ilipojenga nyumba za wafanyakazi Waafrika huko Naguru na Nakawa, mashariki mwa Kampala, wapangaji walitoka kila upande: Waacholi, Wateso, Waganda, na Wajaluo na Waluhya waliovuka kutoka Kenya. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti humo kati ya 1962 na 1964, alichunguza jinsi majirani hao walivyoishi na tofauti za kabila na uraia. Lakini kulikuwa na tofauti nyingine, ya ndani ya damu, ambayo madaktari wa hospitali ya Mulago, upande wa pili wa kilima cha Kololo, walikuwa wameshaanza kuihesabu.

Hermann Lehmann na Alan Raper walitoa ripoti yao mwaka 1949, baada ya kupima maelfu ya watu nchini Uganda. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kioo, linafunikwa kwa kioo kingine chembamba, kingo zinazibwa ili hewa isipite. Oksijeni ikiisha, unachungulia kwenye hadubini. Kwa walio wengi, seli nyekundu hubaki duara kama zilivyokuwa. Kwa wengine huanza kujikunja, zikawa ndefu, zenye ncha, zimepinda kama mundu. Kwa Waamba wa Bundibugyo, karibu wanne kati ya kila kumi walikuwa na damu ya namna hiyo. Kwenye milima ya kusini-magharibi walikuwa wachache mno.

Seli nyekundu ni kiumbe cha ajabu. Ikiwa bado kwenye uboho hutema kiini chake, na mitokondria nazo zinatolewa, isije ikala oksijeni inayobeba. Nafasi yote iliyobaki hujazwa hemoglobini, molekuli kama milioni 270. Ni sahani iliyobonyea pande zote mbili, upana wake mikromita 7 au 8, laini kiasi cha kujikunja na kupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Gharama yake ni kwamba bila kiini haiwezi kujitengeneza upya. Baada ya siku 120 hivi, imekwisha.

Seli iliyoacha kila kitu kwa ajili ya mzigo mmoja haina pa kujificha mzigo huo ukiwa na kasoro. Na kasoro yenyewe ni ndogo mno: mwaka 1957, huko Cambridge, Vernon Ingram alionyesha kwamba hemoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu. Ikishaachia oksijeni, hujipanga kuwa nyuzi ngumu ndani ya seli. Seli hukakamaa, huziba mishipa, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, na maisha ya seli hupungua hadi siku 10 au 20.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Watoto waliorithi kasoro kwa baba na kwa mama walikuwa wakifa kabla ya kuzaa. Mbona basi kinasaba cha kasoro hiyo hakikupungua?

Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alishuku malaria. Alipima watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala. Kati ya 43 waliorithi kinasaba kwa mzazi mmoja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasiokuwa nacho, 113 walikuwa navyo, asilimia 46. Kisha akafanya jambo ambalo mimi hulisoma kwa shida: Wajaluo 30 waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye nacho, ni wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Allison alipata jina, na wale 30 wamebaki kuwa namba.

Vitabu vya shule humfundisha mwanafunzi kwamba kila seli imeumbika kulingana na kazi yake, basi. Damu ya Kampala inadai swali la ziada: kazi hiyo inafanyika wapi? Palipo na mbu, kasoro ileile kwa nusu ni kinga. Wapatanapo wawili wenye nusu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Nyumba za Naguru na Nakawa zilibomolewa 2011, wapangaji wakatawanyika, damu yao wakaenda nayo. Grace Ndeezi wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walitumia matone ya damu kavu ya watoto wachanga, yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya kupima VVU, wakachunguza sampuli 97,631 za nchi nzima. Ripoti yao ya 2016 ilionyesha kwamba asilimia 13.3 walibeba kinasaba na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa. Kusini-magharibi bado ndiko wachache, kama Lehmann na Raper walivyoona.

Ikabaki hofu moja. Haidroksiyurea, dawa inayoamsha tena hemoglobini ya mtoto wa tumboni na kuzuia seli zisipinde, je, haitamfungulia malaria mlango? Robert Opoka na wenzake waliijaribu Mulago kwa watoto wadogo zaidi ya 200 wenye selimundu. Mwaka 2017 walitoa jibu: waliokunywa dawa hawakuugua malaria zaidi ya wenzao, na maumivu yalipungua.