STESHENI YA TAZARA NA SAFARI YA MFANYAKAZI

Tunapochambua historia ya njia za usafiri katika nchi yetu, hatuna budi kujiuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: njia hiyo ilijengwa kwa faida ya nani? La pili, ambalo mara nyingi husahauliwa, ni hili: baada ya kujengwa, inamtumikia nani kila siku? Majibu ya maswali haya si lazima yafanane. Historia ya Stesheni ya TAZARA, iliyopo upande wa Temeke, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na Barabara ya Mandela, inalithibitisha jambo hilo.

Reli ya mkoloni

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule babu zetu walipoanzisha Vita vya Maji Maji. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Shabaha yake ilikuwa wazi: kuteremsha mazao hadi bandarini, na kupandisha bara bidhaa na askari. Mwingereza aliirithi reli hiyo pamoja na shabaha yake.

Mji nao uligawanywa kwa rangi. Mwafrika alitengewa Kariakoo na Ilala na, baada ya Vita Kuu ya Pili, Magomeni na Temeke. Alihitajika bandarini na katika karakana za reli, lakini kufika huko ilikuwa shauri lake mwenyewe na miguu yake.

Hata hivyo, wafanyakazi hawakukaa kimya. Mgomo wa mwaka 1947 ulioanzishwa na makuli wa bandari ya Dar es Salaam uliwafikia wafanyakazi wa reli, ukapanda nayo hadi bara. Chombo kilichojengwa ili kuwanyonya kiliwasaidia kuungana.

Reli ya Uhuru

Tarehe 11 Novemba 1965, utawala wa Ian Smith ulijitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia. Shaba ya Zambia ilitegemea njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa maadui wa ukombozi. Wataalamu wa nchi za Magharibi walikuwa wamekwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haingelipa. Tarehe 5 Septemba 1967, miezi michache tu baada ya Azimio la Arusha, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuijenga kwa mkopo usio na riba. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walizindua ujenzi Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Makaburi ya Wachina wa Gongo la Mboto yanatukumbusha gharama ya udugu huo.

Reli ilitimiza kazi yake ya ukombozi. Lakini ilipangwa kwa ajili ya mizigo na safari ndefu. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na wa reli za Zambia na za kusini, wakati ule wa Reli ya Kati ni milimita 1,000. Reli hizi mbili zimo katika mji mmoja, lakini treni ya hii haiwezi kupita juu ya ile. Aidha, Stesheni ya TAZARA iko mbali na katikati ya jiji. Kwa msafiri wa Mbeya jambo hilo si kubwa. Kwa mfanyakazi wa kila siku ni nauli ya pili.

Miaka ya kusubiri

Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974 ili usafiri wa mji uwe mikononi mwa umma. Kupanda kwa bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni na gharama za vita dhidi ya Idi Amin vililiacha shirika bila vipuri. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, na wananchi wakayaita daladala, kwa ile nauli ya shilingi tano, yaani dala.

Lazima tuseme kweli: daladala ziliokoa jahazi. Lakini dereva na konda hutafuta hesabu ya tajiri mwenye gari. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye sare, kwa kuwa nauli yake ni pungufu, huachwa kituoni. Wakati huohuo makazi ya makabwela yalienea Kiwalani, Yombo, Kitunda na Gongo la Mboto, kandokando ya reli. Kwa zaidi ya miaka 30 treni zilipita karibu na milango yao bila kuwachukua kwenda kazini.

Oktoba 2012

Mwaka 2012 sensa ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo huduma mbili za treni za abiria wa mjini zilianza, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi. Wananchi wakaziita “treni ya Mwakyembe”. Ya kwanza ilitoka Stesheni ya Reli ya Kati, kupitia Buguruni na Tabata, hadi Ubungo Maziwa, wakati huo katika Wilaya ya Kinondoni. Ya pili ilikuwa kati ya Stesheni ya TAZARA na Mwakanga, ikisimama mahali kama Kwa Fundi Umeme, Kigilagila, Kitunda na Kipunguni. Mwaka 2016 Reli ya Kati ilianzisha pia treni ya Pugu.

Tuzingatie somo lililomo humo. Hakuna njia mpya iliyojengwa. Reli ilikuwepo na stesheni ilikuwepo. Kilichokuwa kimekosekana ni uamuzi wa kisiasa wa kumhesabu mkazi wa pembezoni kuwa mwenye haki juu ya reli ya taifa.

Lakini uamuzi peke yake haufuti matatizo. Treni za mjini zilitumia njia moja pamoja na treni za mizigo na za safari ndefu. Zilipangwa asubuhi na jioni tu; mama wa sokoni anayetoka alfajiri au kurudi mchana hakunufaika sawasawa na karani.

Wajibu wetu

Tarehe 4 Septemba 2024, mjini Beijing, hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ilitiwa saini. Ni jambo jema. Hatari ni kwamba katika hesabu za shaba na makontena, abiria wa Kitunda ataonekana ni hasara. Watakaosema hivyo watakuwa wanarudia hoja ile ile iliyotumiwa kuipinga reli yote katika miaka ya 1960. Saa mbili anazopoteza mfanyakazi katika foleni, na kipindi anachokosa mwanafunzi, ni hasara ya taifa hata kama haziandikwi katika vitabu vya shirika.

Kwa hiyo makada wa matawi yaliyo kando ya reli wana kazi tatu: kuwahimiza wananchi walinde eneo la reli lisivamiwe, kukemea wanaopanda bila tiketi, na kudai, kupitia vikao halali, kwamba treni ya mjini iwekwe katika mipango na mikataba yenyewe, isiachwe iwe hisani ya kiongozi mmoja. Huduma inayotegemea jina la mtu huondoka naye. Huduma iliyo haki ya umma hulindwa na umma.