Mita ni ya Nani? Kuchagua Umeme, Mwenge na Uingereza

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikianza kulia jioni katika nyumba ya kupanga pale Mwenge, Dar es Salaam, uani watu huulizana nani bado hajachanga. Mwenye friji anadaiwa aongeze. Mwenye taa moja na simu ya kuchaji ananung'unika kuwa kila mwezi anawagandishia wenzake barafu. Wa kununua kwake hajadiliwi: ni TANESCO, shirika la umeme la taifa, basi.

Mpangaji wa Manchester anayelipa umeme wake mwenyewe hulinganisha bei za kampuni kadhaa, akachagua, akahama. Nyaya zake ni zilezile, na umeme unaowasha birika lake ni uleule. Kilichobadilika ni mkataba.

Sisi Watanzania hatujawahi kuuonja ushindani wa namna hiyo. Tangu 1931 umeme wa Dar es Salaam ulikuwa wa DARESCO, na TANESCO ilihudumia upande wa Tanga. Zilikuwa kampuni binafsi mbili, lakini ziligawana maeneo bila kugombea mteja. Serikali ilizichukua mikononi mwake kuanzia 1964. Mwaka 2014 ilitoka ramani ya kuigawa TANESCO, uzalishaji kando na usambazaji kando, hadi ifikapo 2025. Shirika limebaki moja. Uganda ililigawa shirika lake, ikaikabidhi kampuni ya Umeme kazi ya kusambaza tangu 2005 hadi Machi 2025. Hata hivyo, mlangoni kwa Mganda alikuwa akibisha hodi muuzaji mmoja. Kubinafsisha ni jambo moja, na kumpa mteja uchaguzi ni jambo jingine.

Uingereza iliwafungulia wenye nyumba soko hilo kati ya 1998 na 1999. Likaleta unafuu kwa aliyekuwa macho, na kumwadhibu aliyekaa kimya na mkataba wake wa zamani. Ndiyo maana Januari 2019 mdhibiti, Ofgem, akaweka ukomo wa bei. Bei ya gesi ilipopaa mwaka 2021, kampuni karibu 30 zilifilisika, na wateja wakahamishiwa kwingine pasipo kuulizwa. Huko Texas, Marekani, Februari ya mwaka huohuo, kwenye baridi kali, waliochagua bei inayofuata soko saa kwa saa walipata bili za maelfu ya dola. Hivyo Uingereza iliyousifu ushindani ilikuwa imeshamrudia mpanga bei, mwenzake EWURA, mdhibiti wetu.

Je, mtu wa Mwenge hana pa kuhamia? Anapo, kwenye kundi la bei nafuu, ila njia yake inapitia kwa mwenye nyumba. Tuzitazame bei za EWURA za mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo. Kundi la D1, la nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, lililipa shilingi 100 kwa uniti. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, lililipa shilingi 292. Vyumba vitano, kila kimoja kikitumia uniti 40, havizidi kiwango kikihesabiwa kimoja kimoja. Lakini vikiwa kwenye mita moja ni uniti 200: vinaangukia T1 na kulipa 58,400. Kila kimoja kingekuwa na mita yake ndani ya D1, jumla ingekuwa 20,000. Punguzo lililowekwa kwa ajili ya mnyonge linampita mlangoni, kwa kuwa mita huhesabu uniti, haihesabu familia.

Basi, avute mita yake? Mwaka 2022 gharama ya kuunganishwa mjini, kwa aliye karibu na nguzo, ilikuwa shilingi 320,960. Kwa kuokoa 7,680 kwa mwezi, yaani sehemu yake moja ya tano ya tofauti ile, angehitaji karibu miezi 42 kurudisha fedha yake. Kabla miezi hiyo haijatimia, kodi ya chumba imepanda, naye ameshahamia Temeke na godoro lake. Mita imebaki ukutani, mali ya mwenye nyumba.

Hapo ndipo mila hizi mbili zinapoachana. Mpangaji wa Manchester huhama muuzaji akabaki chumbani kwake. Wa Mwenge huhama chumba, na muuzaji anamkuta yuleyule. Tukimletea kampuni kumi leo, atakayezichagua ni yule mwenye mita. Kabla ya kuomba soko la wauzaji, tuombe kwanza mita nafuu kwa kila mlango. La sivyo, uani wataendelea kuulizana nani hajachanga, kampuni iwe moja au kumi.