Dawa na Kioo: Istilahi Mbili za Ufinyanzi

Neno la Kiingereza glaze hukusanya chini ya jina moja vitu viwili ambavyo mfinyanzi huvijua kuwa mbalimbali: lile tope jepesi ambamo huchovya chombo kabla hakijaingia jokoni, na ule utando mgumu unaobaki juu ya chombo baada ya moto kuliyeyusha tope hilo, likapoa na kuganda. Mfasiri mwenye haraka hukimbilia kuviita vyote viwili “mng’aro”. Nasi twaona kwamba tafsiri hiyo, ijapokuwa tamu masikioni, haikidhi haja ya fundi wala ya mwanafunzi.

Mng’aro ni sifa, si dhati ya kitu. Mfinyanzi wa Usukuma, kama walivyo wengi wa Afrika Mashariki, aweza kukisugua chungu kilichoanza kukauka kwa kokoto laini mpaka chembe za udongo zilale sawasawa, na chungu hicho kikang’aa ilhali hakikupakwa kitu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, na ambaye kazi zake zimo katika majumba makubwa ya makumbusho, ameifikisha kaida hiyo kwenye upeo wake: hupaka udongo mwororo uliochujwa, husugua, kisha huchoma, moto wenye hewa ya kutosha hutoa wekundu, na moto ulionyimwa hewa hutoa weusi, wala hapana utando wa kioo hata kidogo. Kwa upande wa pili, wako mafundi ambao kwa makusudi hutengeneza utando uliofifia, usiorudisha nuru. Maadamu mng’aro waweza kuwapo pasipo utando, na utando ukawapo pasipo mng’aro, jina hilo halina budi kuachwa.

Dhati yenyewe ni kioo, na ithibati iko karibu nasi, katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Sonara anapotaka kuyeyusha dhahabu katika kalibu mpya, kwanza hunyunyiza boraksi ndani yake na kuielekezea moto. Unga ule mweupe hufura na kutoa povu kwa sababu ya maji yanayoutoka, kisha hutulia, ukatambaa na kuwa ngozi angavu, ili dhahabu isinate katika vinyweleo vya udongo. Sonara huyo amekivika chombo kioo, sawa na afanyavyo mfinyanzi. Silika, ambayo ndiyo mwili wa kioo, peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,700. Boraksi, iyeyukayo karibu na digrii 740, ikichanganywa nayo huishushia joto hilo la kuyeyukia, na kitu chenye tabia hiyo chafaa kuitwa kiyeyushi. Ama moto wa wazi wa kuni, nyasi na samadi, aghalabu hauzidi digrii 900 wala haudumu, na kwa ajili hiyo mtungi wetu hubaki na vinyweleo vyake, ukatoa jasho na kuyapoza maji, jambo ambalo kwa mtungi ni fadhila.

Kanuni hiyo ya silika na kiyeyushi huonekana pia katika mji wa Mashiko, nchini Japani, ambako mfinyanzi Tomoo Hamada, aliyezaliwa mwaka 1967, hutumia hadi leo michanganyiko ya tope aliyoirithi kwa babu yake, Shoji Hamada, fundi mashuhuri aliyefariki mwaka 1978. Mmojawapo, uitwao nuka, hutokana na jivu la pumba za mpunga, jivu la kuni na mawe yaliyosagwa. Jivu la pumba karibu lote ni silika, na jivu la kuni ni kiyeyushi. Vikichomwa kwa joto lipatalo digrii 1,250 au zaidi, hutoa kioo cheupe kama tui. Pumba za namna hiyo hurundikana nyuma ya mashine za kukoboa mpunga za Kahama na Shinyanga, ambako aghalabu huchomwa tu.

Wajapani huliita tope lile uwagusuri, maana yake dawa ya juu. Na Mswahili hawezi kustaajabu, kwa kuwa naye husema dawa ya viatu na dawa ya meno pasipo kumkusudia mgonjwa. Basi rai yetu ni hii: kabla ya moto tope liitwe dawa, na kazi yake iwe kutia dawa, baada ya moto utando uitwe kioo cha chombo, ili kisichanganywe na kioo cha kujitazamia.

Faida ya kutenganisha majina hayo huonekana chombo kinapoharibika. Dawa ikibanduka kabla ya kuchomwa, huenda ilipakwa nene mno, au chombo kilikuwa na vumbi, na fundi aweza kuifuta akaanza upya. Lakini kioo kikipasuka nyufa nyembamba chombo kinapopoa, sababu ni kwamba kioo kimesinyaa kuliko udongo uliokibeba, na hapo fundi hana la kufuta; yampasa abadilishe mchanganyiko wa dawa, akiongeza silika, au atafute udongo mwingine.