Majina ya Vyombo vya Umeme na Vipuri vya Kompyuta: Historia Yake na Maslahi ya Mnunuzi

Vyombo vya kigeni vilipoanza kuingia katika nyumba za Waswahili, aghalabu havikuikuta lugha ikiwa mikono mitupu. Pasi ilikuwa pasi ya mkaa. Ulipokuja umeme, fundi wala mnunuzi hakuhitaji neno jipya, bali alisema pasi ya umeme na mambo yakaendelea. Ndivyo ilivyokuwa kwa jiko, ambalo limebeba kuni, mkaa, mafuta ya taa, umeme na sasa gesi, bila kubadilisha jina lake. Cherehani, neno lenye asili ya Kiajemi, lilitumika kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kisha ya kukanyaga kwa mguu, na hatimaye ya mota. Santuri nayo ilikuwa ala ya nyuzi huko Uajemi kabla ya jina hilo kuhamia kwenye mashine ya kupigia sahani za muziki, na kisha kwenye sahani zenyewe.

Maneno mengine yalifika kwa njia za kuchekesha. Pangaboi, yaani feni ya darini, watu wengi hulifikiria kuwa limetokana na panga, kwa kuwa mabawa yake hukata hewa. Kwa maoni yetu asili yake ni pepeo kubwa la darini la Wahindi, pankha, pamoja na yule mtumishi aliyekuwa akilivuta kwa kamba ili bwana wake apate upepo. Mtumishi ameondoka, kamba imeondoka, jina limebaki juu ya dari.

Tunayakumbusha haya kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kwamba istilahi za vyombo zilianza na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. La hasha. Baraza lilikuta soko lenye desturi yake ya kutoa majina, na desturi hiyo ilikuwa imara. Ndiyo maana friji na jokofu yangali yakiishi pamoja hadi leo, la kwanza likitawala dukani na la pili likitawala katika vitabu na nyaraka. Mnunuzi hapati hasara kwa kuwapo kwa maneno hayo mawili, maana yote mawili humfikisha kwenye chombo kilekile.

Historia ya televisheni na kompyuta ni tofauti, na hapana budi tuitazame kwa makini zaidi. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ilitolewa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na seti za televisheni nchini. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo matangazo yalipoanza. Kwa hiyo, katika miaka ileile ambamo kazi ya kusanifu istilahi ilikuwa imepamba moto, vyombo hivi viwili havikuwa na soko. Maneno yalibuniwa mezani, kwa ajili ya wasomi na wafasiri, pasipo mnunuzi wa kuyajaribu ulimini mwake. Ngamizi lilipendekezwa, na baadaye tarakilishi, lililopata wafuasi zaidi Kenya. Walakini milango ya biashara ilipofunguliwa, mashine iliingia ikiwa tayari na jina lake, nalo ni kompyuta.

Hatuoni kwamba hilo ni jambo la kulilia. Kinachotusikitisha ni kwamba mjadala mrefu juu ya jina la mashine nzima ulitufanya tusahau viungo vyake. Programu zilibahatika: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kukokotolea kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilidai maneno mengi yatafutwe na kupangwa. Vipuri, yaani vitu vinavyofungwa kwa bisibisi na kuuzwa juu ya kaunta, viliachiwa wauzaji.

Matokeo yake yanaonekana katika neno sipiyu. Madukani na maofisini, sipiyu ni lile kasha zima linalokaa chini ya meza au kando ya kioo cha kompyuta. Lakini herufi hizo tatu kwa asili ni jina la kipande kimoja kidogo ndani ya kasha, ambacho upana wake hauzidi sana ule wa kiberiti, na ambacho ndicho kinachotekeleza maagizo yote ya programu. Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari alitusimulia kwamba shule yake iliandika barua rasmi ya kuagiza sipiyu tatu. Duka, ambalo hatuna haja ya kulitaja, lilileta vijisanduku vitatu vyenye vipande hivyo vidogo, na likakataa kuvipokea viliporudishwa, kwa hoja kwamba kilichoandikwa ndicho kilicholetwa. Hakuna aliyesema uongo. Barua iliandikwa kwa lugha ya ofisini na kusomwa kwa lugha ya karakana, na fedha za mwaka mzima zikakaa kabatini ndani ya vijisanduku. Sisi tungependa maafisa ugavi waandike kasha kamili la kompyuta wanapotaka kasha, na kichakataji wanapotaka kipande. Wakipenda kusema prosesa badala ya kichakataji, hatutagombana nao, mradi sipiyu isiingie katika hati ya ununuzi.

Katika vyombo vya nyumbani hasara imejificha mahali ambapo sisi wa istilahi hatuna mazoea ya kupachungulia. Huwa tunatafuta nomino. Katika friji, kosa limo katika kitenzi. Friji inapoacha kugandisha, fundi husema, "Gesi imeisha," na mwenye friji huelewa mara moja, kwa kuwa gesi ya jikoni huisha vivyo hivyo na mtungi ukajazwa tena. Lakini gesi ya jikoni huwaka. Gesi ya friji haiwaki wala hailiwi na kazi yake. Husukumwa na kompresa, ikazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, ikageuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, na safari hiyo yaweza kuendelea kwa miaka mingi bila kuongezwa kitu. Ikipungua, basi imevuja. Anayeambiwa kwamba imeisha hulipia kujazwa, na baada ya miezi michache hulipia tena, kwa kuwa tundu halikuzibwa. Anayeambiwa kwamba imevuja atauliza, "Imevuja wapi?" Swali hilo moja ndilo ambalo kitenzi kuisha kimemnyima.

Yafaa kuongeza kwamba hata hiyo gesi si moja. Baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuhusu vitu vinavyoharibu tabaka la ozoni, gesi ya zamani iliyoitwa R12 iliachwa pole pole. Friji nyingi za siku hizi zina R600a, ambayo hushika moto. Kibandiko cha nyuma hueleza hivyo, lakini aghalabu kwa Kiingereza au kwa alama tu, hali fundi akiendelea kuita zote gesi.

Neno nguvu nalo limewaunguzia watu vyombo. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Marekani ni volti 120, na Japani 100. Mnunuzi husema blenda ina nguvu akiwa na maana ya wati, yaani wingi wa kazi iwezayo kufanya kwa muda fulani. Fundi husema umeme una nguvu akiwa na maana ya volti. Ndugu akituma blenda kutoka Marekani, mwenye nyumba akaambiwa kwamba nguvu yake ni ndogo, hudhani kwamba haitasaga vizuri, akaichomeka ili aone. Huiona ikitoa moshi. Tunapendekeza volti na wati ziachwe kama zilivyo, na nguvu itumike kwa wati pekee.

Isidhaniwe kwamba kila neno lililobuniwa hukataliwa. King'amuzi, kutokana na kung'amua, limeenea mpaka vijijini. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila mwenye televisheni alilazimika kutafuta chombo hicho, na neno lilikuwapo katika matangazo siku ileile ambapo haja ilikuwapo. Jokofu halikupata bahati ya namna hiyo.

Limebaki neno dhamana, ambalo mahakamani humtoa mshitakiwa rumande na dukani humlinda mnunuzi. Neno lenyewe ni zuri, na hatuoni sababu ya kulibadilisha kwa waranti. Lililo baya ni ufinyu wa tafsiri inayolizunguka. Matangazo ya baadhi ya friji huonyesha dhamana ya miaka 10 kwa tarakimu kubwa, kisha maandishi madogo ya Kiingereza yakaeleza kwamba miaka hiyo ni ya kompresa peke yake, na sehemu nyingine zote ni mwaka mmoja au miwili. Bomba likivuja mwaka wa tatu, mnunuzi hufika dukani na karatasi yake, akaambiwa kwamba bomba si kompresa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Kenya ilitunga Sheria ya Kumlinda Mlaji mwaka 2012. Tangu mwaka 2021 lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Mfasiri anayepewa karatasi ya namna hii asitafsiri tarakimu kubwa pekee na kuyaacha maandishi madogo kama yalivyo. Aandike katika mstari uleule, kwa herufi za ukubwa uleule: dhamana ya kompresa miaka 10; mabomba na sehemu nyinginezo, mwaka 1.