Monita ya chogo na marufuku ya 1974

Najua nimepotea. Nipo Butiama kwa mazoezi ya kufundisha, wiki ya nne sasa, chaki imeshaniganda vidoleni. Nilipanga kuwaandikia habari za Mwitongo, pale alipolazwa Mwalimu, lakini imeingilia hii ya monita. Nisomeni tu, historia ipo.

Iko hivi. Shule niliyopangiwa ina kompyuta moja inayowaka, ila kioo chake kimekufa. Mitihani inachapwa mjini Musoma, hela inatoka mifukoni mwa walimu, na muhula uliopita maswali ya Hisabati yaliwafikia wanafunzi kabla ya siku yenyewe. Mkuu wa shule akanipeleka stoo, akaniondolea vumbi kwenye monita ya chogo ya inchi 15. "Mwalimu, nyie wa chuo ndo mnajua haya mambo. Tuitengeneze au tuachane nayo?"

Mimi nasoma Historia na Kiswahili jamani! Nikaigeuza nyuma kama mtaalamu: imetengenezwa 1999. Mwaka uleule Mwalimu alifariki London, tarehe 14 Oktoba, akarudishwa kuzikwa hapahapa kijijini. Nikajikuta nawaza kitu ambacho tuligusiwa darasani dakika mbili tu: chini ya serikali yake kulikuwa na miaka ambayo monita kama hii isingeingia nchini bila kibali.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza iliyoitwa ICT 1500. Kufikia 1974 zilikuwa saba nchi nzima. Hesabu za serikali zilizopelekwa kwenye mashine zikavurugika, ikabidi warudi kwenye njia za zamani, na mwaka huohuo 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Anayetaka aombe ruhusa maalumu. Na kumbuka Zanzibar walishaanza televisheni ya rangi 1973! Huku Bara ITV ilikuja kuanza 1994.

Wengi wetu chuoni tukisikia hivyo tunacheka, tunasema wazee walikuwa washamba. Mimi sicheki sana. Bei ya mafuta ilipaa mwisho wa 1973, ukame wa 1973 na 1974 ukalazimisha kununua chakula nje, fedha za kigeni zikawa za kuokoteza. Ungekuwa wewe, ungenunua mahindi au mashine inayokosea hesabu? Ninachokilaumu ni muda. Katazo la dharura liliachwa likazeeka, mpaka mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipokuja kulilegeza. Hapo katikati wenzetu duniani walishahama kutoka mashine za ukubwa wa chumba hadi kompyuta za mezani.

Basi Jumamosi nikaifunga monita kwenye kanga, nikapanda bodaboda hadi Makutano, kisha gari la Musoma. Huko kuna fundi mmoja mtu mzima, walimu wote wanamwamini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea maiti?"

Akaniambia alianza na redio, zile za Philips zilizotoka Arusha na National za Dar es Salaam. Enzi hizo redio haikutupwa, ilirudi kwa fundi mpaka mbao zake zioze, maana hakukuwa na nyingine ya kununua. Televisheni aliigusa akiwa tayari ana wajukuu. Nikamuuliza kama aliumia kuchelewa. Akasema, "Unaumiaje kwa kitu hujakiona?" Hilo jibu nimelala nalo, wadau.

Kabla ya kugusa chochote alichukua bisibisi iliyofungwa waya, akagusisha kwenye bodi ya chuma, halafu akapenyeza ncha chini ya ile kofia ya mpira juu ya chogo. Ikalia taa! Ule mgongo unatumia volti kama elfu ishirini na zaidi, na umeme unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Tafadhali msije mkafungua nyumbani.

Akanifundisha namna ya kuamua. Kama ni kapasita zimevimba kwenye upande wa umeme, au risasi imepasuka kwenye miguu ya vifaa, tengeneza, ni kazi ya saa moja na vipuri ni vya bei ndogo. Kama ni flaibaki, yaani ile transfoma inayozalisha umeme mkubwa, au kioo chenyewe kimechoka, acha. Flaibaki ya monita hii haipo dukani, mpaka uipate kwenye monita nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti.

Kapasita mbili zilikuwa zimevimba. Nikafurahi. Akazibadilisha, akawasha, tukaona mstari mwembamba, kisha cheche ya bluu na harufu ya kuungua. Flaibaki.

Hapo nikapiga hesabu. Kuitafuta flaibaki na kazi yake, elfu thelathini bila uhakika. Flati ya mtumba ya inchi 17, jirani yake anauza elfu sitini. Chogo linakula kama wati 75, flati kama 30, na LUKU ya shule nayo inanunuliwa kwa kuchangishana. Nikampigia mkuu: tuachane nayo. Walimu wakachanga, Jumatatu nikachapa jaribio la Kidato cha Pili la Majimaji bila mtu kutoka nje ya ofisi.

Nikadhani imeisha. Nikamwambia mkuu mzee wa Musoma yuko tayari kulichukua chogo kwa ajili ya vipuri, kioo chake kina risasi kwa hiyo si cha kutupa shimoni. Mkuu akafungua leja, akanionyesha kidole: monita, moja, mali ya serikali. Haiondoki mpaka ikaguliwe na kufutwa kwa maandishi.

Nimeirudisha stoo mwenyewe, na kanga yangu imebaki na doa la vumbi ambalo sabuni imelishindwa.